Ukurasa wa admini wa NAS yako usionekane mtandaoni

Kisanduku chenyewe cha NAS, yaani hifadhi ya faili inayotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao, kilikuwa chini ya meza ya mapokezi, taa zake za kijani zikimetameta. Juu yake palibandikwa karatasi kwa selotepu, imeandikwa kwa kalamu: admin, admin. Humo ndimo zilimokuwa faili za wagonjwa wote wa kliniki ile, na ukurasa wa kukisimamia ulifunguka kwenye simu yangu nikiwa nje langoni, kwa bando yangu mwenyewe. Daktari alishangaa. Alijua fundi alishamaliza kazi.

Iwe shule, Sacco au ofisi ya wakili, mambo huwa hayo hayo: NAS inanunuliwa, inachomekwa, faili zinaonekana, basi. Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya, lakini mwenye data ni wewe, si fundi.

Ingia kwenye ukurasa wa admini ukiwa ofisini. Fungua akaunti mpya ya usimamizi, uipe nenosiri refu na uthibitishaji wa hatua mbili, uijaribu, kisha ndipo uizime ile iitwayo admin. Wafanyakazi wengine wapewe akaunti za kawaida, kila mmoja na folda zinazomhusu.

Halafu poti, yaani milango yenye namba ambayo kifaa hupokelea mawasiliano ya mtandao. NAS za kampuni ya Synology hutumia 5000 na 5001. Za QNAP, 8080 na 443. Kubadilisha namba hakutoshi, maana programu za kupekua mtandao hupitia namba zote. Zima UPnP kwenye ruta na kwenye kifaa, kwani ndiyo inayofungua poti bila kukuuliza, na ufute kwenye ruta poti zote ambazo fundi alizielekeza kwenye kifaa. Anayehitaji faili akiwa nyumbani apitie VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi.

Kila mara tunaambiwa, "Sisi ni wadogo, nani atatutafuta?" Hakuna anayekutafuta kwa jina! Aprili 2021, Qlocker, programu ya kuteka faili na kudai fedha, iliingia kwenye vifaa vya QNAP vilivyokuwa wazi mtandaoni, ikafungia faili kwa nenosiri na kudai bitikoini 0.01 kwa kila kifaa. Juni mwaka huohuo wenye diski za mtandao za WD My Book Live walikuta data yao imefutwa. Kifaa hicho kilikuwa hakipati masasisho tangu 2015. Januari 2022 ikaja DeadBolt, programu nyingine ya aina ya Qlocker, nayo ikaugeuza ukurasa wenyewe wa kuingilia kuwa barua ya kudai fedha.

Na RAID, yaani mpango wa kutumia diski kadhaa kwa pamoja ndani ya kifaa, si nakala ya akiba. Diski mbili zenye data ileile hukuokoa moja ikifa. Faili ikifutwa, inafutwa kwenye zote mbili papo hapo. Weka nakala kwenye diski ya nje, uichomoe, ikae jengo jingine.

Kuhusu sheria, kwa wasomaji wa Kenya: kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka mwenye kudhibiti data, yaani wewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kuwa data imefikiwa bila idhini na kuna hatari halisi ya madhara kwa wahusika. Ukichelewa, unaeleza sababu. Anayechakata data kwa niaba yako anapaswa kukujulisha wewe ndani ya saa 48 inapowezekana. Watu ambao data inawahusu nao wajulishwe kwa maandishi, ingawa ulinzi unaofaa, kama kusimba data isisomeke bila ufunguo, unaweza kukuondolea sharti hilo. Chini ya kifungu cha 63, faini hufika shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Haya ni maelezo ya jumla; kwa shauri lako mahususi muone wakili.

Jambo moja tunaliomba sana. Ukigundua umeingiliwa, kiondoe kifaa kwenye intaneti, lakini usikifute na kukianza upya kabla hujahamisha kumbukumbu zake za mfumo. Bila hizo huna la kujibu utakapoulizwa nani aliingia, saa ngapi, na alichukua nini.