Kitalu kidogo, shamba kubwa: kupandikiza nywele kwa mwenye kipara kilichokomaa

Mwanamume akishavua kapelo mbele yangu, swali lake la kwanza huwa hilohilo: "Dokta, hapa zitaingia nywele ngapi?" Simjibu. Namwambia anigeuzie mgongo na ainamishe kichwa, kisha napitisha vidole kisogoni, nyuma ya masikio, hadi kwenye shingo. Wengi hushangaa. Kipara kiko utosini, huyu anatafuta nini huku nyuma? Natafuta akiba. Nisipoijua akiba siwezi kuahidi kitu.

Makala hii haimhusu kijana ambaye paji lake limeanza kupiga kona mbili. Namwandikia yule aliyebakiwa na ukanda tu wa nywele, unaotoka sikio moja, unapita kisogoni na kuishia sikio la pili. Zamani watu walinyoa denge: pembeni wembe, juu nywele. Huyu ana denge lililopinduliwa. Sisi madaktari tunatumia ngazi 7 ambazo Hamilton aliziwekea msingi mwaka 1951 na Norwood akazirekebisha mwaka 1975. Huyu wa denge lililopinduliwa yuko ngazi ya 6 au ya 7.

Kwa nini ukanda huo unabaki? Kipara cha kurithi hakiletwi na kofia, wala maji ya chumvi, wala mawazo. Kinaletwa na homoni inayoitwa DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Vinyweleo vya mbele na vya utosini, kwa aliyerithi udhaifu huo, huinyenyekea homoni hiyo: kila unywele ukidondoka, unaofuata huota mwembamba na mfupi zaidi, mpaka yanabaki malaika, na baadaye hata malaika hayaonekani. Vya kisogoni havijali. Na ukivihamisha, huenda na tabia yao ya kutojali. Hilo ndilo Norman Orentreich wa New York alilolionyesha katika andiko lake la mwaka 1959, na kazi yetu yote mpaka leo imesimama juu yake.

Mgonjwa wangu mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Mbarali, mwenye miaka 51, aliposikia maelezo haya alicheka. "Kumbe ni kama majaruba. Mnang'oa miche kitaluni mnaipeleka shambani." Nikamwambia mzee, umenisaidia, ila kuna tofauti moja itakayokuuma. Wewe kitalu kikiisha unamwaga mbegu nyingine msimu ujao. Kitalu cha kisogoni hakimwagwi mbegu tena. Mche uking'olewa pale, hauoti mwingine. Hatuzalishi nywele, tunazihamisha tu.

Akanyamaza. Tukachukua karatasi tukapiga hesabu, na nitairudia hapa kwa sababu watu wengi wanalipa pesa bila mtu yeyote kuwafanyia.

Nywele huota kwa vikundi, kila kikundi kina nywele 1 hadi 4. Kikundi kimoja ndicho kipandikizi kimoja. Kisogo cha Mwafrika huwa na takriban vikundi 60 katika kila sentimita moja ya mraba, pungufu ya Mzungu. Ukanda salama wa yule mzee ulikuwa na urefu wa sentimita 28 hivi, na upana usiozidi sentimita 4 na nusu. Hiyo ni sentimita za mraba 126, yaani vikundi kama 7,500. Nisivichukue vyote! Nikivuka asilimia 40 hivi kisogo kinaanza kuonekana kama shuka lililoliwa na nondo. Kwa hiyo maisha yake yote, kwa operesheni moja au tatu, ana vipandikizi 3,000.

Sasa shamba. Nilipima upara wake kwa utepe: kama sentimita za mraba 200. Gawanya 3,000 kwa 200 unapata 15. Vipandikizi 15 katika sentimita moja ya mraba, mahali palipozaliwa na 60, ni nywele unazoweza kuzihesabu ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara. Taa ikiwaka juu yake, ngozi inaonekana yote. Atakuwa ametumia akiba yote na bado watoto watamwita kipara ngoto.

Ndiyo maana swali la "nywele ngapi" halina maana kwa mtu wa ngazi hii. La maana ni ziwekwe wapi.

Jibu langu, na najua wapo wenzangu wasiokubaliana nami, ni mbele. Watu wanakuangalia usoni, nawe ukijitazama kwenye kioo unauona uso. Theluthi ya mbele ya kichwa cha yule mzee ilikuwa na sentimita za mraba 70. Ukiweka vipandikizi 35 kwa kila sentimita, vinatumika 2,450 na vinabaki 550 benki. Thelathini na tano si sitini, lakini macho hayaanzi kuona upungufu mpaka karibu nusu ya nywele ziwe zimekwenda, kwa hiyo anayekutazama ana kwa ana anaona mtu mwenye nywele. Utosi tunauacha. Atakuwa na upara wa nyuma, kama mjomba yeyote wa miaka 50 unayekaa nyuma yake msikitini au kanisani bila kumshangaa.

Utosi ni mlafi. Nywele zake zinazunguka kama maji yanayoingia shimoni, kila moja inaelekea upande wake, hazilaliani. Unamwaga vipandikizi 1,500 pale na mgonjwa anakuuliza umeanza lini. Tena kwa mwenye miaka 30 ambaye upara bado unapanuka, utosi uliopandwa leo unageuka kisiwa kesho: kichaka katikati, na jangwa la duara kukizunguka. Nimeviona visiwa hivyo, na kuvirekebisha ni kazi ngumu kuliko kupanda.

Na huo mstari wa mbele wenyewe, usiniletee picha yako ya kidato cha nne. Kwa kipara kilichokomaa nauweka sentimita 8 au 9 juu ya katikati ya nyusi, kona mbili naziacha zimerudi nyuma, na ukingo naufanya usio sawa, wenye nywele moja moja. Mstari ulionyooka kama ule vinyozi wetu wanaouchora kwa piko unapendeza kwa wiki moja ya harusi. Ukiwa wa kudumu, kwenye uso wa mzee wa miaka 65, unachekesha.

Sisi wenye nywele za kipilipili tumebarikiwa na kujaribiwa kwa mkono uleule. Baraka ni kwamba unywele unaojikunja hufunika ngozi kuliko ulionyooka, na rangi yake haipishani sana na ya ngozi yetu. Ndiyo maana 35 yangu inafanya kazi ambayo kwa mtu wa nywele nyembamba zilizonyooka isingetosha. Jaribio liko chini ya ngozi. Unywele wetu umejipinda hata humo ndani, kama ndoano. Anayetoboa ngozi kwa kifaa cha duara ili akitoe kipandikizi, akidhani unywele unakwenda moja kwa moja, anaukata mizizi, na kipandikizi kilichokatwa ni kipandikizi kilichokufa. Kitalu kimepungua na shamba halijapata kitu. Kuna pia keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua. Watu wa ngozi nyeusi tunazipata zaidi, kwa hiyo namuuliza kila mmoja kuhusu makovu ya chanjo, ya kutoga sikio, ya operesheni, na namkagua kisogo kama ana vile vipele sugu vya kunyoa vinavyogeuka vinundu. Mwenye navyo simgusi mpaka vitulie, na wengine siwagusi kabisa. Nikiwa na shaka nachukua vipandikizi vichache tu vya majaribio, navipanda, halafu tunasubiri miezi kadhaa tuone kovu linasemaje na nywele zinaotaje. Wagonjwa hawaupendi ushauri huu. Wametafuta pesa, wameomba likizo, halafu dokta anawaambia wasubiri.

Hapo ndipo wengine hupanda ndege kwenda Istanbul.

Sina ugomvi na Istanbul. Wapo pale wataalamu ambao mikono yao naiheshimu. Ugomvi wangu ni na zile kliniki zinazokupangia bei, hoteli na gari la kukupokea uwanja wa ndege kupitia WhatsApp, kabla mtu yeyote hajakigusa kisogo chako. Mwaka juzi alinijia kaka mmoja wa miaka 44 aliyeahidiwa "nywele 5,000" kwa siku moja. Alidhani ni vipandikizi 5,000. Wao walikuwa wanahesabu nywele, na kipandikizi kimoja hubeba mbili au tatu, kwa hiyo ahadi yenyewe ilikuwa nusu ya alichokisikia, au pungufu. Daktari alimwona kwa dakika chache, akamchorea mstari kwa kalamu, akatoka. Kutoboa na kupanda kulifanywa na mafundi. Walitoboa mpaka sehemu za chini ya shingo na juu ya masikio ambako nywele zenyewe ziko mbioni kuondoka, kwa hiyo baadhi ya walivyompandia vitamkimbia. Mbele alipata nywele za kadiri. Kisogo chake kimejaa vidoa vyeupe.

Vidoa hivyo ndiyo gharama isiyotajwa kwenye tangazo. Mwanamume wa Kiafrika mwenye kipara ana dawa moja ambayo wanaume wengi duniani wanaionea wivu: wembe. Kichwa chetu kikinyolewa chote kinang'aa, kinapendeza, na hakuna anayejua kama umenyoa kwa hiari au kwa kulazimika. Ukishapandikiza, kwa kutobolewa kimoja kimoja au kwa kukatwa ukanda na kushonwa, unaweka makovu ambayo wembe utayafunua. Ya kutobolewa yanaonekana kama nukta za chokaa kwenye ngozi nyeusi, na ya ukanda ni mstari kutoka sikio hadi sikio. Wapo wanaoyafunika kwa michoro ya wino ya nukta nukta, na ikifanywa vizuri inasaidia. Lakini kabla hujasaini, nyoa kipara kamili, kaa nacho miezi 2, ukajitazame. Kuna wagonjwa niliowapa kazi hiyo na hawakurudi tena, nami nahesabu kuwa niliwatibu.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi. Minoksidili na finasteridi haziotishi nywele kwenye upara uliokwisha kuwa laini kama kigae, lakini zinalinda zilizobaki, na mwenye akiba ndogo anahitaji ulinzi huo kuliko yeyote. Finasteridi ya miligramu 1, iliyoidhinishwa Marekani kwa kipara cha wanaume mwaka 1997, kwa wanaume wachache hupunguza hamu na nguvu za tendo la ndoa. Ukiona hivyo rudi tuzungumze, usione haya. Na wewe uliyevuka miaka 50, ukienda kupima damu kwa ajili ya tezi dume, mwambie daktari kuwa unaitumia, kwa sababu inashusha kipimo cha PSA karibu nusu, na saratani inaweza kujificha nyuma ya jibu zuri.

Ndevu nazo ni kitalu cha ziada, ila nywele zake ni ngumu, hivyo huzichanganya katikati na sizipandi ukingoni. Mwenye kidevu cha vipele na keloidi asahau.

Ukishafanyiwa, jiandae kukata tamaa kwa muda. Magamba hudondoka ndani ya siku 10 hivi. Kuanzia wiki ya 2 hadi ya 6 nywele zilizopandwa nazo zinadondoka, karibu zote, na simu yangu haipumziki. Mizizi iko ndani, imelala. Mwezi wa 3 au wa 4 zinaanza kuchungulia, na jibu kamili usilidai kabla ya mwezi wa 12. Yule wa Mbarali alinipigia wiki ya 5 saa kumi na moja alfajiri: "Dokta, miche imekauka." Nikamwambia asubiri mvua.

Sasa ana miezi 14 tangu apandikizwe. Mbele zimesimama, si msitu, na kinyozi wake anamwachia ndefu kidogo pale juu. Mkewe, aliyeolewa wakati mumewe tayari ana upara, anasema hajaizoea sura hiyo. Wiki iliyopita alikuja kliniki, akainamisha kichwa, akaniuliza habari za utosi. Vile vipandikizi 550 bado viko kisogoni. Nikamjibu tuviache hukohuko, tuonane akifika miaka 55.