Wafungwa wa jimbo katika jela za kaunti nchini Marekani: dhana potofu na ukweli

Nchini Kenya na Tanzania, mahabusu anayesubiri kesi na mfungwa anayetumikia miaka ishirini wote huwekwa chini ya idara moja ya magereza ya taifa, wala kaunti au halmashauri haina gereza lake. Marekani mambo yamegawanyika. Kwa kawaida majimbo yana magereza ya watu waliohukumiwa zaidi ya mwaka mmoja, na kaunti zina jela za mahabusu na za wenye vifungo vifupi, ambazo mara nyingi husimamiwa na sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, aliyechaguliwa kwa kura. Ni majimbo sita tu, yaani Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont, yaliyounganisha ngazi hizo mbili. Anayeutazama mgawanyo huo juu juu hujenga dhana kadhaa, na iliyozoeleka zaidi ni kwamba mfungwa wa jimbo anayeonekana katika jela ya kaunti yuko njiani tu, akisubiri basi la kumpeleka gerezani.

Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu. Huko Alabama na Arkansas, kwa vipindi virefu, watu waliokwisha kuhukumiwa wamebaki katika jela za kaunti kwa sababu magereza ya jimbo hayakuwa na nafasi ya kuwapokea. Mwaka 2001 jaji wa shirikisho U. W. Clemon, akiamua shauri la jela ya Kaunti ya Morgan, Alabama, alisema vyumba vyake vilifanana na matumbo ya meli za watumwa. Lakini Louisiana na Kentucky zimefanya jela ya kaunti kuwa makazi yenyewe. Katika Louisiana, ambako kaunti huitwa parokia, takriban nusu ya wafungwa wa jimbo hutumikia vifungo vyao, mara nyingi vya miaka kadhaa, mikononi mwa masherifu. Kentucky nayo imeweka katika sheria kwamba wenye makosa ya daraja D, ambao vifungo vyao havizidi miaka mitano, kwa kawaida wakae kaunti.

Wengine hudhani kwamba jimbo huzitwisha kaunti mzigo ambao hakuna sherifu anayeutaka. Ziko kaunti zinazolalamika kwa haki kwamba malipo ya jimbo hayafikii gharama. Louisiana, hata hivyo, haieleweki bila kufuata fedha. Katika miaka ya 1990, msongamano wa magereza ukiwa tayari umefika mbele ya mahakama za shirikisho, jimbo liliwahimiza masherifu wajenge jela wao wenyewe, nalo liwalipe kwa kila mfungwa kwa kila siku. Kwa muda mrefu malipo hayo yalikuwa dola 24.39, kisha yakapanda hadi dola 26.39, na yamekuwa chini ya nusu ya gharama ya kumweka mtu huyo huyo katika gereza la jimbo. Jimbo lilipata nafuu. Sherifu mwenye vitanda 300 vilivyojaa naye hupokea, kwa kiwango cha dola 26.39, dola 7,917 kwa siku, yaani karibu dola milioni 2.9 kwa mwaka, na kiasi asichokitumia kwa chakula, dawa na walinzi huweza kugharimia magari ya doria na shughuli nyingine za ofisi yake. Kitanda kikikaa tupu, deni la jengo halisubiri, na ndiyo maana wakuu wa jela wamekuwa wakipigiana simu kutafuta wafungwa wa kujazia nafasi. Oktoba 2017, sheria za kupunguza wafungwa zilipokaribia kuanza kutumika, sherifu wa parokia ya Caddo, Louisiana, alilalamika hadharani kwamba wangeachiliwa pia wafungwa wazuri, wale wanaoosha magari, kubadilisha oili na kupika jikoni, ambao kazi yao huiokolea ofisi fedha. Ni vigumu kupata ungamo lililo wazi kuliko hilo.

Kwamba kifungo ni kifungo popote kinapotumikiwa, hilo nalo si kweli. Jela nyingi za kaunti zilijengwa kwa ajili ya watu wa kukaa wiki au miezi, hivyo zina madarasa machache, mafunzo haba ya ufundi na mara nyingine hata uwanja wa kutosha wa kunyoosha miguu hazina. Huko Louisiana hali imekuwa ya kinyume kabisa: aliyefungwa maisha katika gereza kuu la jimbo, liitwalo Angola, aliweza kujifunza ufundi wa magari au useremala, huku aliyehukumiwa miaka mitano, ambaye kwa yakini atarudi mtaani, akikaa bila la kufanya katika jela ya parokia.

Wapo pia wanaosema kwamba jela ya kaunti humweka mfungwa karibu na mama na watoto wake. Huenda ikawa hivyo, lakini panapoamuliwa kwa nafasi iliyopo, mtu wa New Orleans, kusini mwa Louisiana, anaweza kupelekwa kaskazini mwa jimbo, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Wala hana nguvu kubwa ya kupinga, kwani katika shauri la Meachum dhidi ya Fano la mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katiba peke yake haimpi mfungwa haki ya kusikilizwa kabla ya kuhamishwa kutoka gereza moja la jimbo kwenda jingine.

California hutajwa mno katika mjadala huu, ila kesi yake ni tofauti. Mei 2011 Mahakama ya Juu iliunga mkono amri ya kupunguza wafungwa wa jimbo hilo hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo wengi wa wenye makosa yasiyo mazito walianza kuhukumiwa kwenda jela za kaunti moja kwa moja. Hao ni wafungwa wa kaunti, si wa jimbo waliopangishiwa kitanda.

Dhana ya mwisho ndiyo yenye madhara makubwa zaidi: kwamba anayeshika ufunguo anajua tarehe ya kumwachilia mtu. Louisiana, sherifu humlinda mfungwa, lakini siku za kifungo huhesabiwa na idara ya magereza ya jimbo huko Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo, baada ya kupokea karatasi za mahakama kupitia ofisi ya sherifu. Karatasi zikichelewa, mtu hubaki ndani, na jimbo huendelea kulipia siku ambazo hakustahili kukaa. Januari 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba, kati ya walioachiliwa kutoka mikononi mwa jimbo hilo kuanzia Januari hadi Aprili 2022, zaidi ya robo walikuwa wamepitisha tarehe zao, na Desemba 2024 wizara hiyo ikalifikisha jimbo mahakamani.