Je, wajua kwa nini anayezimua hupata nafuu?

Msimu wa korosho ukifika Mtwara, kuanzia Oktoba hivi, chini ya mikorosho hunuka mabibo. Korosho huenda mnadani. Bibo halina subira hiyo, siku mbili tu limeoza, kwa hiyo hukamuliwa. Maji yake yakichachuka ni uraka. Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukakingwa ni gongo, ambayo sheria inaikataza na pua inaijua.

Asubuhi yake kuna mning'inio: kichwa kinagonga, tumbo linakataa chai, jua linakera kama deni. Dawa ya kijiweni ni kuzimua, yaani kunywa kidogo cha kile kile kilichokuangusha jana.

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu, na niliyatoa bila kuulizwa. Mning'inio ni kiu tu, nilisema. Pombe imekausha mwili, na anayezimua kwa uraka husaidiwa na maji yaliyomo, si kilevi. Siku moja Mikindani mzee mmoja aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, anayezimua kwa gongo anapata maji gani?"

Sikuwa na jibu. Kifuniko cha gongo hakina maji ya kulowesha hata ulimi, na bado watu hupata nafuu.

Kosa langu lilikuwa na nusu ya ukweli, ndiyo maana lilidumu. Pombe kweli hufukuza maji. Huizuia homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziagiza figo zirudishe maji mwilini. Agizo lisipofika, mtu haishi kwenda haja ndogo. Kinywa kikavu cha alfajiri kinatoka hapo. Lakini kiu na mning'inio ni abiria wawili waliopanda basi moja, si mzazi na mwana. Maji huondoa kiu, na kichefuchefu hubaki pale pale.

Tena tazama saa. Haja ndogo humsumbua mtu usiku, angali amelewa na anaimba. Mning'inio hukomaa asubuhi, pombe kwenye damu inapokaribia kwisha. Ingekuwa ni ukavu tu, kichwa kingeanza kugonga pale pale kwenye kiti cha baa. Mvuvi aliyeshinda juani naye hukauka, ila madafu mawili humrudisha. Mlevi hunywa madafu mawili akabaki na kichwa chake. Maji yana faida, sikatai, na anayekunywa glasi ya maji kati ya chupa na chupa hufaidika zaidi, kwa sababu tu anachelewa kuifikia chupa inayofuata.

Basi kinachotokea ni nini? Ini lina kimeng'enya cha kuvunja pombe. Kifikirie kama pantoni ya kwenda Msangamkuu: inapakia idadi yake, inavuka, inarudi. Foleni iwe ya watu ishirini au mia tano, mwendo ni ule ule. Bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na kwa kawaida ini huchukua saa mbili hadi tatu kuivusha. Kahawa haileti pantoni ya pili, wala kuoga maji baridi.

Foleni hiyo ina abiria wa aina mbili. Wengi ni ethanoli, ndiyo kilevi chenyewe. Wachache ni methanoli, ambayo hutokana na pektini, ile gundi ya asili iliyomo kwenye matunda. Pantoni ina upendeleo: ethanoli ikiwepo, ndiyo inayopanda kwanza. Methanoli inakaa ufukweni usiku kucha, na ikiwa bado nzima haina makali sana. Ubaya uko ng'ambo. Ikivushwa hugeuka kuwa fomaldehaidi, ambayo ndiyo hutengenezewa fomalini ya kuhifadhia maiti, kisha asidi ya fomiki. Hiyo mkulima wa korosho anaifahamu kwa ngozi yake, maana ndiyo anayorushiwa na majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani ya mkorosho kuwa viota, akiwagusa bila hodi.

Alfajiri ethanoli imekwisha kuvuka, pantoni ni nyeupe, zamu ni ya methanoli. Mwenyewe anaamka. Akizimua, anateremsha ufukweni kundi jipya la ethanoli, na methanoli inasukumwa nyuma ya foleni. Nafuu anayoisikia ni ya kweli. Ila foleni haikupungua, imerefushwa tu, na jioni itamkuta pale pale.

Nisiipakie pantoni hii kupita uwezo wake. Methanoli ni sehemu ya habari, na huenda si sehemu kubwa, kwa kuwa hata pombe isiyo nayo karibu kabisa huleta mning'inio. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watu walinyweshwa ama bourbon, wiski ya Kimarekani yenye masalia mengi ya uchachushaji, methanoli ikiwemo, ama vodka, yenye machache. Wa bourbon waliamka wakijisikia vibaya zaidi. Lakini kwenye majaribio ya umakini makundi yote mawili yaliboronga sawasawa. Usingizi ulioharibika umo, tumbo lililochubuka limo, na kinga ya mwili iliyoamshwa bure nayo imo. Huenda pia sehemu ya nafuu ya kuzimua ni ganzi tu.

Kuhusu tiba, mwaka 2005 watafiti waliyapitia majaribio yaliyokuwapo wakachapisha matokeo katika jarida la tiba la BMJ: hakuna dawa hata moja iliyoonyesha ushahidi wa kuridhisha. Supu ya pweza nitaendelea kuinywa, kwa sababu ni tamu. Kula kabla ya kunywa husaidia kweli, maana chakula huchelewesha pombe kutoka tumboni. Paracetamol siku hiyo iogope kidogo, ini lina kazi tayari.

Jambo moja tu halina mzaha. Aliyekunywa gongo, kisha saa kadhaa baadaye, au hata kesho yake, akaanza kuona ukungu mweupe machoni, huyo hana mning'inio. Methanoli ilikuwa nyingi mno. Apelekwe hospitali mara moja, asizimuliwe nyumbani. Huko, dawa maalumu iitwayo fomepizoli ikikosekana, daktari anaweza kumpa ethanoli kwa vipimo ili methanoli isipate nafasi kwenye pantoni, huku mashine ikiisafisha damu. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mzee wa Mikindani. Kuzimua kumo kwenye vitabu vya utabibu, ila kwa ugonjwa mwingine.