Dawa Imeisha Famasi: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku, na Majibu Yake

Wagonjwa wengi wa presha, kisukari, kifafa na pumu wanaotufikia wakiwa na hali mbaya hawakuacha dawa kwa kupenda. Walikwenda famasi wakaambiwa dawa imeisha, wakarudi nyumbani kusubiri. Huko kusubiri ndiko tunakotaka kukomesha.

Famasi ya karibu wamesema dawa yangu imeisha. Nianzie wapi?

Anzia hapohapo dirishani, kabla hujaondoka. Uliza mzigo mpya unaingia lini, famasi gani nyingine inaweza kuwa nayo, na kama wana dawa hiyohiyo iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Mfamasia anawajua wenzake wa jirani, na mara nyingi simu yake moja inakuokoa mzunguko wa mchana mzima. Kama wamebakiwa na vidonge vichache, omba hivyo vichache. Dozi ya siku nne ni siku nne za kutafuta ukiwa salama.

Jua pia kwamba maduka mengi ya eneo moja huchukua mzigo kwa muuzaji wa jumla yuleyule. Ukikosa katika maduka matatu yanayofuatana, la nne huenda nalo halina. Acha mtaa huo, ulizia famasi ya hospitali kubwa, ambayo mara nyingi ina njia yake ya kupata dawa.

Nipige simu au niende mwenyewe?

Piga simu kwanza, cheti cha dawa kikiwa mkononi. Soma mambo manne: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, ni ya aina gani (kidonge, kapsuli, sindano, ya kuvuta), na unahitaji kiasi gani. "Mna dawa ya presha?" si swali, kwa sababu kila famasi itajibu ndiyo. Wakisema ipo, mwombe aende akaishike rafuni, maana kompyuta inaweza kuonyesha boksi lililokwisha kuuzwa asubuhi. Kisha uliza watakuwekea mpaka saa ngapi.

Dawa zenye udhibiti mkali, kama morfini, baadhi ya famasi hazizungumzii kwenye simu kwa sababu za usalama. Kwa hizo nenda na cheti pamoja na kitambulisho.

Jina silijui. Ni vile vidonge vidogo vyeupe.

Vidonge vidogo vyeupe ni vingi mno. Kuna vya presha, vya moyo, vya tezi, vya usingizi na vya kifafa. Wengine hutuletea kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi: upande wenye jina ulishatupwa, imebaki tarehe nusu na shimo moja tupu. Kwa kipande hicho hakuna mfamasia mwaminifu atakayekupa dawa, na atakayekupa ni wa kumwogopa. Piga picha boksi likiwa zima na cheti chako, leo, dawa ikiwa bado ipo. Ukimtuma mtoto au jirani, mtumie picha hiyo.

Wamenipa boksi tofauti na nililozoea. Ni ileile?

Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa. Jina kubwa ni la biashara, kila kampuni ina lake. Jina dogo ndilo la dawa yenyewe, na Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likichapisha majina hayo tangu 1953 ili yafanane duniani kote. Jina dogo na miligramu zikilingana, kwa kawaida dawa ni ileile.

Kosa tunaloliona sana linakuja baada ya hapo: mgonjwa anapata boksi jipya, la zamani lina vidonge vimebaki, anameza vyote viwili akidhani ni dawa mbili. Presha inashuka hadi anaanguka. Muulize mfamasia waziwazi: "Hii inachukua nafasi ya ipi?"

Kwa dawa za kifafa, warfarin (ya kuzuia damu kuganda), na dawa za waliopandikizwa figo, usibadilishe kampuni bila daktari wako kujua. Tofauti ndogo ya kiasi kinachoingia kwenye damu inaweza kuleta shida kwa hawa.

Mbona najisikia vizuri tu? Siwezi kusubiri wiki moja mzigo uingie?

Hapana. Unajisikia vizuri kwa sababu ulikuwa unameza dawa. Presha haina kengele. Tunawapima watu wanaotembea na kuongea vizuri, kipimo kinasoma 200 kwa 120, nao wanatuambia wamekuja tu kuulizia kama dawa imefika.

Na kuna dawa ambazo kuzikata ghafla ni hatari kuliko ugonjwa ulivyokuwa. Clonidine, dawa ya presha, ikikatwa, presha inaweza kuruka juu kupita ilivyokuwa mwanzo ndani ya siku moja au mbili. Propranolol na atenolol, dawa za presha na moyo, zikikatwa ghafla kwa mwenye ugonjwa wa moyo zinaweza kuleta shambulio la moyo. Dawa ya kifafa ikikatwa, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukoma. Aliyetumia prednisolone (dawa ya jamii ya steroidi) kwa wiki nyingi mwili wake umeshaacha kutengeneza homoni yake vya kutosha. Akikatisha ghafla anaweza kuzimia na kufa. Mwenye kisukari aina ya kwanza, siku moja tu bila insulini yaweza kutosha kuijaza damu yake asidi.

Kwa hiyo hapana, usisubiri wiki moja. Usisubiri hata siku tatu.

Basi ninywe nusu nusu ili zifike mbali?

Hapana. Nusu dozi ni kukaa bila dawa ukiwa unadhani unayo. Anayetumia dawa za VVU akinywa kwa kurukaruka anawapa virusi nafasi ya kujifunza kuishinda dawa, na hapo dawa ikirudi famasini inaweza isimfae tena.

Jirani yangu naye ana presha. Aniazime zake?

Hapana, hata akiwa ndugu yako wa damu. Dawa za presha haziko za aina moja. Propranolol ya jirani inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Enalapril au losartan zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na ukishaazima, mmebaki wawili msio na dawa ya kutosha.

Cheti kimeandikwa miligramu 10, wao wana za 5.

Mara nyingi viwili vya 5 vinatosha, ila mfamasia ndiye aseme na aandike upya kwenye boksi namna ya kumeza. Kuna vidonge vinavyotoa dawa polepole. Utaona jina lina herufi kama SR, XR au neno retard. Hivi usivisage wala kuvitafuna, wala usivikate bila kuambiwa, kwani dozi ya siku nzima inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo. Insulini usibadilishe mwenyewe kabisa: kuna ya haraka na ya taratibu, na kuchanganya hizo kunaua.

Kuna mtu anaziuza mtandaoni, anasema zipo.

Dawa ikiadimika, wenye dawa bandia ndipo wanapofanya biashara. Mwaka 2017 WHO ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani dawa 1 kati ya 10 ni bandia au haina kiwango. Nunua kwenye famasi yenye leseni, angalia lakiri, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na hakikisha tarehe ya boksi inalingana na ya vidonge vilivyomo.

Nianze kutafuta lini?

Ukibakiwa na dawa za siku 10. Kwa insulini na dawa ya kuvuta, unapofungua ya mwisho. Angalia pia cheti chenyewe kama muda wake haujaisha.

Nimezunguka kote, hakuna.

Rudi kwa aliyekuandikia, siku hiyohiyo. Si kliniki yako ya mwezi ujao. Kazi yake ni pamoja na kukubadilishia dawa inayopatikana, na karibu kila ugonjwa wa kudumu una zaidi ya dawa moja. Hutasumbua mtu. Tunachukia zaidi kukupokea umepooza upande mmoja kuliko kukupokea kwenye foleni.

Ukiwa umeishiwa insulini, dawa ya kifafa, ya kuvuta ya pumu au prednisolone, usingoje asubuhi. Nenda kitengo cha dharura. Vivyo hivyo ukipata maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, mdomo kwenda upande, kutapika mfululizo au kuchanganyikiwa.

Nimeipata baada ya siku kadhaa. Nimeze zile nilizokosa kwa pamoja?

Hapana. Usirudufu dozi. Nyingi unaendelea na dozi yako ya kawaida, lakini mwambie mfamasia ni siku ngapi ulikaa bila dawa, usione haya. Clozapine (dawa ya ugonjwa wa akili) ikikatika zaidi ya saa 48, au lamotrigine (ya kifafa) zaidi ya siku tano hivi, huwezi kurudi moja kwa moja kwenye dozi uliyoiacha. Inaanzwa upya kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole, na kiasi hicho anakipanga daktari.