Hosteli ya kuoana na mtaa: maana yake katika Mji wa Kale, Mombasa

Mwenye kiwanja kilichobaki wazi kati ya nyumba mbili Kibokoni au Ndia Kuu, akitaka kujenga hosteli ya wanafunzi, hatafika mbali kabla hajaambiwa kwamba jengo lake sharti lioane na mtaa. Wengi hulipokea neno hilo kama amri ya mapambo: tao juu ya kila dirisha, chokaa nyeupe, na mlango wa kuchonga uliobandikwa mbele ya ghorofa la vioo vya buluu. Hiyo ni kanzu ya kuazima. Kuoana ni kufuata hesabu zilizoujenga mtaa wenyewe: upana wa chumba, kimo cha orofa, kiasi cha ukuta kwa kiasi cha dirisha, na namna mtu anavyotoka njiani kuingia ndani.

Hesabu kubwa kuliko zote ni ya boriti. Dari za nyumba za kale za mawe zililazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko hauvuki pengo kubwa: mita 2.5 hadi 3, basi. Juu yake kulipangwa vipande vya matumbawe, kukashindiliwa chokaa, na mzigo huo ukataka kuta nene za karibu nusu mita. Ndiyo sababu vyumba vya Waswahili ni virefu na vyembamba. Sasa weka vitanda viwili vya sentimita 90, kimoja kila upande, na njia ya sentimita 90 katikati. Unapata mita 2.7. Yaani chumba cha wanafunzi wawili, bila kulazimishwa, kina upana wa boriti. Urefu wa mita 4.5 unakitosha: kitanda 1.9, kabati 0.6, meza ya kusomea 1.2 chini ya dirisha, na 0.8 za mlango kufungukia. Msanifu akikishika kipimo hicho, uso wa jengo unajigawa wenyewe kama wa majirani, dirisha moja kwa kila chumba. Mikoko yenyewe si lazima. Ukataji wake unadhibitiwa, na zege lenye nondo linafaa kabisa. Kinachorithiwa ni upana.

Kwenye kimo ndipo tamaa huharibu kazi. Tuseme jirani ana orofa tatu za mita 3.5, jumla mita 10.5. Mwenye hosteli anapiga hesabu, anaona akizibana orofa hadi mita 2.6 atapata nne ndani ya mita 10.4. Paa halijampita jirani, lakini mistari ya madirisha haikutani tena, roshani zinaangukia penye ukuta mtupu wa mwenzake, na mpita njia analiona kosa hata kama hawezi kulitaja. Ndani ni vibaya zaidi. Joto halina pa kupanda, na feni ikining'inia sentimita 40, mabawa yake yanazunguka chini ya mita 2.2 kutoka sakafuni, ukitoa unene wa sakafu ya juu. Anayelala juu kwenye dabo deka akiamka na kuketi, kichwa chake kinafika mita 2.4 hivi. Hapo utakuta feni imezimwa kwa kamba na wanafunzi wanalala mlango wazi.

Chumba cha pwani kinataka tundu pande mbili ili pepo za kusi na kaskazi zipite: luva za mbao upande wa njia, na kimia cha mbao juu ya mlango upande wa ua wa ndani. Ua huo usipungue mita 4. Ukipakwa lipu ngumu pande zote, mazungumzo ya watu wawili saa sita usiku yatasikika vyumba vyote. Mimea na mbao hupunguza mwangwi, ingawa hazimalizi.

Halafu kuna sitara, ambayo wachoraji wa nje ya pwani huisahau kwa sababu haionekani kwenye ramani. Dirisha linalotazama ua wa jirani liinuliwe, kizingiti chake cha chini kikae mita 1.6 kutoka sakafuni. Hewa na mwanga vinaingia, macho hayatoki. Ukuta wa kuzunguka paa ufike mita 1.8. Mlango mkubwa usifungukie moja kwa moja ua: kuwe na daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, mtu apinde kona. Na nje kuwe na baraza, yaani kibao cha kujengwa cha kukalia, kimo cha sentimita 45, ndani ya mpaka wa kiwanja kwa kuwa njia zenyewe ni finyu. Hosteli ina wageni kila jioni. Baraza inawapokea bila kuwaingiza wala kuwaacha wamesimama mlangoni pa watu.

Nyumba ya jirani haina msingi wa kina, kwa hiyo mtaro wa msingi mpya uchimbwe kwa vipande vifupi, mita moja hivi kwa wakati, kila kimoja kijazwe kabla ya kufungua kinachofuata. Ukiufungua wote siku moja, ukuta wa matumbawe unadidimia na kupasuka. Usimpigie lipu ya saruji ukuta wake kama fidia, maana saruji hufunga unyevu, chumvi huganda nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Tumia chokaa iliyolowekwa, sehemu moja kwa mchanga tatu, mchanga usiwe wa ufuoni. Nondo za jengo jipya zifunikwe kwa zege sentimita 4 au 5. Hewa ya bahari haina huruma.

Maji ya mfereji huja kwa vipindi. Ukikadiria lita 60 kwa mwanafunzi, wanafunzi 40 watataka lita 2,400 kwa siku, na akiba ya siku tatu ni lita 7,200: zaidi ya tani 7. Mzigo huo ukipandishwa juu kwa matangi meusi utaharibu paa na sura ya mtaa kwa pamoja. Jenga birika, yaani hodhi la maji, chini ya ua, juu ubaki na tangi dogo nyuma ya ukuta.

Ruhusa hutoka kwa Kaunti ya Mombasa, na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, Makumbusho ya Taifa nayo hupitia ramani. Shimo la birika lichimbwe kwanza kabisa, kabla mkandarasi hajaleta mashine ya zege anayoilipia kwa siku: jembe likigonga vigae vya vyungu au ukuta uliozikwa, kazi husimama hapo, na Makumbusho huarifiwa kama Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inavyotaka.