Presha ya mimba: hesabu ya saa 48

Mama akipimwa kliniki presha ikasoma 150 kwa 100, swali la kwanza la mama mkwe aliyemsindikiza huwa lile lile: "Daktari, yuko hatarini?" Namba hiyo peke yake haiwezi kujibu. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20 za mimba, na protini ikaonekana kwenye mkojo au ini, figo au damu ikaanza kuathirika, hiyo tunaiita priklampsia. Lakini wawili wenye presha sawa, mmoja wa Kisauni na mmoja wa Changamwe hapa Mombasa, huenda mmoja akajifungua salama na mwenzake akapata kifafa cha mimba, figo kufeli au maji kujaa mapafuni.

Kuwatofautisha mapema kuna hesabu yake. Mwaka 2011 watafiti walichapisha hesabu iitwayo fullPIERS, inayokadiria uwezekano wa mama kupata madhara makubwa ndani ya saa 48. Huchukua umri wa mimba, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, kiwango cha oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, chembe zinazogandisha damu, na vipimo vya figo na ini. Ni nzuri, ila yataka maabara. Kwa zahanati isiyo na maabara ikaja miniPIERS mwaka 2014, na miongoni mwa akina mama waliochunguzwa kuitengeneza walikuwamo wa jirani zetu Uganda. Hii yahitaji mashine ya presha, kijiti cha kupimia mkojo na mama mwenyewe kusema ukweli.

Hapo pa kusema ndipo penye shida. Mabinti zetu wamelelewa kustahi, na wengi wakiulizwa hali hujibu "nzuri" huku kifua kimewabana tangu alfajiri. Kwenye miniPIERS, kutokwa damu ukeni pamoja na maumivu ya tumbo huvuta mizani kuliko dalili zote, kisha kifua kubana au pumzi kukatika. Kichwa kuuma na macho kuona ukungu au vimulimuli pia vimo, japo uzito wake ni mdogo zaidi. Mimba changa huongeza hatari. Mimba ya kwanza vilevile. Kuvimba miguu, ambako watu hukuhofia sana (au hukushangilia, eti mtoto ni wa kiume!), hakumo kabisa katika hesabu hiyo.

Kwa nini saa 48? Ndio muda wa kupanga. Mama wa Likoni aliye hatarini avushwe kivuko kuelekea hospitali ya rufaa akiwa bado anazungumza, si baada ya kuanza kutetemeka. Kabla ya safari apewe sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa takriban nusu. Ikiwa degedege limeshaanza nyumbani, si jini wala si la kupungwa. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, tafuteni gari.

Wenye hatari kubwa, mathalani aliyewahi kupata priklampsia au mwenye presha ya tangu zamani, huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo mapema, kuanzia wiki ya 12. Hiyo huandikwa na daktari, usijinunulie dukani.

Kuzaa ndiyo tiba, lakini ugonjwa hauondoki siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa, na presha hufuatiliwa hadi wiki sita, yaani karibu arubaini nzima. Katika siku hizo mzazi yumo ndani, anakandwa kwa maji moto, na akilalamika kichwa huambiwa ni usingizi wa kukatika au baridi imemwingia. Huenda ikawa kweli. Kwanza apimwe presha, na ikisoma 160 kwa 110 aondoke saa hiyo hiyo kwenda hospitali, arubaini isimzuie.