Kiwanda kilichozama: tangi ambalo bomba la moshi ndilo filta

Matangi mengi ya samaki yenye mandhari isiyo ya kawaida huharibika kwa namna moja. Pambo linachaguliwa kwanza, kisha mitambo inatafutiwa pa kujificha. Meli ya plastiki inakaa mbele, filta ya kuchuja maji imebanwa kwenye kona, waya wa hita ya kupasha maji joto unaning'inia kando, na jicho la mtazamaji linakwenda moja kwa moja kwenye ule waya. Ndiyo maana mandhari ninayoipenda kuliko zote ni kiwanda kilichotelekezwa kikamezwa na maji. Kiwandani mabomba na nyaya viko kwao, havina haja ya kufichwa.

Kazi yote naijenga kuzunguka bomba la moshi. Filta ya sponji hufanya kazi kwa hewa tu: pampu iliyo nje ya tangi husukuma hewa hadi chini, viputo hupanda ndani ya mrija, na vinapopanda huvuta maji. Maji mengine hupenya kwenye sponji kujaza nafasi iliyoachwa, yakiacha uchafu humo. Sasa vika mrija huo bomba pana la PVC, yaani plastiki ngumu, lililosimama wima, lenye matundu ya kutosha chini na mdomo unaokoma sentimita chache kabla ya uso wa maji. Viputo vitakavyotoka juu ndivyo moshi wa kiwanda, na papo hapo maji yanachujwa na kupata oksijeni.

Bomba hilo usiligandishe sakafuni. Sponji lazima itoke mara kwa mara ikamuliwe, tena ikamuliwe kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Maji ya mferejini yenye klorini huua bakteria waliojenga makao ndani yake, na hao ndio wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Idadi yao huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kukua katika tangi jipya, na kuwapoteza kwa usafi wa dakika moja ni hasara kubwa. Katika wiki hizo za mwanzo, pambo liwepo lote lakini samaki wasiwepo.

Hita nayo naiweka ndani ya bomba, ila hapa pana masharti. PVC hulainika kwa joto kali, kwa hiyo bomba liwe pana kiasi kwamba hita hailigusi popote, na litobolewe pande zote ili maji yapite bila kukwama. Kipimajoto kikae mbali nalo, upande wa pili wa tangi. Na kabla hujapunguza maji, chomoa hita kwenye umeme.

Kwa nini PVC na si chuma chenyewe? Kwa sababu chuma cha kweli ndicho kishawishi kikubwa cha mandhari hii. Mtu huona koki ya zamani, au gia ya mashine, na moyo unamwenda mbio. Shaba na aloi zake huachia madini kwenye maji, na kiasi kidogo tu kinatosha kuua kamba wadogo na konokono. Samaki nao hawako salama. Vitu vilivyopakwa zinki vina hatari kama hiyo. PVC ngumu haina mambo hayo, inakatika kwa msumeno wa kawaida, na viungo vyake vya kona na vya njia tatu tayari vina sura ya kiwanda.

Kutu naitengeneza. Napiga bomba msasa mpaka mng'ao uishe, nalipaka gundi ya epoksi inayofaa kwa matangi, kisha kabla haijakauka nanyunyizia mchanga laini uliochanganywa na poda ya oksidi ya chuma, rangi ambayo haiyeyuki kwenye maji. Mchanga ushike zaidi kwenye maungio na chini ya matundu, maana huko ndiko kutu huanzia. Gundi iachwe ikauke kabisa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, halafu kila kipande kilowekwe na kusuuzwa. Rangi za kupulizia na vinyago vilivyopakwa rangi siviingizi majini kabisa.

Wengine hupendelea kuta za zege. Naelewa, zinapendeza, lakini saruji mbichi huachia chokaa na kupandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji. Mchongaji Jason deCaires Taylor, ambaye sanamu zake zimezamishwa baharini Grenada na Cancún, hutumia saruji yenye pH isiyodhuru viumbe. Ikiwa bahari nzima inastahili uangalifu huo, lita 100 za maji zinastahili zaidi. Mawe nayo yadondoshee siki: yakitoa povu, yana chokaa, na yatabadilisha maji.

Kabla kitu chochote hakijaingia tangini, napitisha juu yake soksi ndefu ya nailoni. Soksi ikinasa, pezi nalo litachanika. Kila tundu liwe ama dogo kuliko kichwa cha samaki, ama pana kiasi cha yeye kugeuka ndani. La katikati ya hapo ni mtego. Na kila bomba linalolala litobolewe upande wa juu, la sivyo hewa itakwama ndani na siku moja litainuka.

Upande wa macho, tatizo kubwa ni kina. Maji hupinda mwanga, hivyo tangi lenye sentimita 40 kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma huonekana kama lina 30 tu. Kina hicho unakirudisha kwa mikono: mabomba manene mbele na membamba nyuma, mchanga unaopanda kadiri unavyokwenda nyuma, na rangi zinazopauka kwa mbali. Kioo cha nyuma nakipaka kijivu hafifu, kwa nje, ambako rangi haigusani na maji. Siweki milango, ngazi wala vinyago vya watu. Mlango wa sentimita 3 hugeuza kila samaki anayepita kuwa jitu, na kiwanda chote kinashuka hadhi kuwa mwanasesere.

Mwani, unaochukiwa katika matangi mengine, hapa ni fundi mwenzako. Huanza kwa utando wa kahawia, baadaye ukaja wa kijani, na mabomba yakaonekana ya miaka mingi. Uuache kwenye mabomba, uufute kwenye kioo, na taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku usije ukatawala kila kitu. Mimea michache inatosha: Anubias ikifungwa kwenye kiungo cha bomba, shina lake likiwa wazi bila kufukiwa, inaonekana kama imejiotea yenyewe.

Kuhusu wakazi, wadogo wanaoogelea kwa kundi ndio wanaokuza kiwanda. Tetra wa sentimita 2 au 3 hulifanya bomba la kawaida lionekane mnara. Ila mwenye mji ni kambale wa jenasi ya Ancistrus. Huyu hutafuta pango jembamba, na wafugaji wengi humzalisha kwenye vipande vya PVC, hivyo mandhari hii inampa anachokitaka. Bomba la kipenyo cha sentimita 4 au 5, lililozibwa upande mmoja, linamtosha mkubwa. Mwekee pia kipande cha mti wa kukwangua, kilale kama boriti iliyoanguka. Jike likishataga, dume hubaki bombani likilinda mayai na kuyapepea kwa mapezi, kwa hiyo usilisogeze bomba hilo wala kusafisha karibu nalo hadi makinda yaanze kutoka yenyewe.